Jibu kwa fundi: pampu ya joto ya ufyonzaji ni nishati jadidifu kweli?

Swali: Mimi ni fundi wa mitambo ya kupoza kiwandani, kazi ninayoifanya kwa miaka 14 sasa. Nasikia pampu za joto za ufyonzaji zikitajwa kuwa nishati jadidifu, na mambo matatu yananichanganya. Kwanza, hazina kompresa. Joto linapandaje kutoka penye baridi kwenda penye moto? Pili, nyingine zinawashwa kwa gesi. Moto wa gesi umekuwaje jadidifu? Tatu, ufanisi wake, yaani joto linalotoka kwa kila kizio kimoja cha nishati unayoilipia, unatajwa kuwa 1.6 au 1.7, wakati pampu ya umeme ninayoijua inafika 4. Nani ataichukua hii? Nauliza kwa sababu kiwandani kwetu maji ya nyuzi 85 yanapelekwa kwenye mnara wa kupoza mchana na usiku.

Jibu: Ndugu yangu fundi, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya niweke kazi nyingine pembeni. Maji ya nyuzi 85 kutupwa hewani usiku na mchana ni jambo linaloniuma, na nitalirudia. Lakini tuanze na kompresa, kwa sababu asiyeelewa hilo la kwanza hayo mengine mawili atayapokea kama maneno ya wauzaji tu.

Unajua kwamba kompresa inafanya kazi mbili kwa pamoja. Upande mmoja inavuta mvuke kutoka kwenye evaporeta, presha inashuka, na kipozaji, yaani kile kimiminika kinachobeba joto, kinachemka humo kikiwa bado baridi. Upande wa pili inausukuma mvuke huohuo kwenye kondensa kwa presha kubwa ili ugeuke kimiminika na kuachia joto. Mashine ya ufyonzaji imezigawa kazi hizo. Kuvuta kumeachiwa kimiminika chenye kiu ya mvuke, na kusukuma kumeachiwa joto.

Chukua mashine inayotumia maji na lithiamu bromaidi. Lithiamu bromaidi ni chumvi. Umewahi kuona chumvi ya kawaida iliyoachwa wazi siku ya unyevunyevu ikilowa yenyewe. Inanyonya mvuke kutoka hewani. Hii nyingine ina kiu kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Sasa tazama namba. Maji matupu ya nyuzi 35 yana presha ya mvuke ya kilopaskali 5.6 hivi. Yatie lithiamu bromaidi mpaka chumvi iwe takriban asilimia 55 ya uzito wa myeyusho, uache halijoto palepale kwenye 35, na presha itaanguka hadi karibu kilopaskali 0.87. Hiyo 0.87 ni presha ya mvuke ya maji matupu yaliyo kwenye nyuzi 5.

Tulia hapo kidogo, maana siri yote imo humo. Chukua vyombo viwili visivyo na hewa ndani, uviunganishe kwa bomba. Kimoja kina maji ya nyuzi 5, kingine kina myeyusho wa chumvi wa nyuzi 35. Presha zao zinalingana. Ongeza chumvi kidogo tu, na mvuke utaanza kutoka kwenye maji baridi kuelekea kwenye myeyusho wa moto. Kila kilo ya maji inayovukiza inabeba takriban kilojuli 2,490, na inazichukua kutoka kwa kitu chochote kinachogusa chombo kile cha kwanza: maji ya kisima, hewa ya chumbani, mabomba ya ubaridi. Mvuke ukizama kwenye myeyusho, joto hilo linatoka tena, safari hii likiwa kwenye nyuzi 35. Joto limepanda nyuzi 30 na hakuna chuma kilichozunguka. Nimeifundisha mashine hii kwa miaka mingi, na sehemu hii bado inanifurahisha kila ninapoifikia.

Bila shaka myeyusho ukinywa unazimuka, na kiu inaisha. Ndipo pampu ndogo inapoupeleka kwenye chombo cha kuchemshia, ambacho watu wa fani hii hukiita jenereta ingawa hakitoi umeme wowote. Humo joto la nyuzi 80 hadi 95 linatosha kuyatoa maji kwenye chumvi. Mvuke unakwenda kondensa, unakuwa maji, unaachia joto kwa mara ya pili, kisha unarudi evaporeta. Chumvi iliyokolea upya inarudi kwenye kifyonzaji, kile chombo inamonyonyea mvuke, ikipishana njiani na myeyusho mwepesi ndani ya kibadilisha joto ili isirudi na moto wa bure. Kazi ya moto, kwa hiyo, ni kuirudishia chumvi kiu yake.

Utauliza: na hiyo pampu ndogo je, si kompresa kwa jina jingine? Hapana, na hesabu inaonyesha kwa nini. Tumia amonia. Kuukandamiza mvuke wake kutoka presha ya nyuzi 0, ambayo ni ba 4.3, hadi presha ya nyuzi 40, ambayo ni ba 15.5, kunahitaji takriban kilojuli 190 kwa kilo, hata kompresa ikiwa kamilifu. Kimiminika hakikandamiziki kirahisi, kwa hiyo hakidai kazi hiyo. Hata ukilazimika kusukuma kilo 10 za myeyusho kwa kila kilo moja ya amonia, utatumia kilojuli 13 hivi. Ndiyo maana umeme wa mashine hizi ni mdogo sana ukilinganisha na joto linalopita ndani yake.

Nimetaja amonia kwa sababu ndiyo jozi ya pili inayotumika: amonia ndio kipozaji, maji ndiyo yanayonyonya. Ni kongwe kuliko ile ya chumvi. Mfaransa Ferdinand Carré aliipatia hataza mwaka 1859. Mashine ya chumvi haiwezi kwenda chini ya nyuzi 0, kwani kipozaji chake ni maji na maji yataganda. Amonia huchemka kwenye nyuzi −33 kwa presha ya kawaida ya hewa, hivyo inaweza kuvuna joto hata kutoka kwenye hewa ya majira ya baridi kali, au kutengeneza barafu. Kama umewahi kushika friji la mafuta ya taa, ndugu yake ndiye huyu. Wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliliunda mwaka 1922 na wakaiondoa hata ile pampu ndogo kwa kuingiza hidrojeni kwenye mzunguko.

Sasa gesi na ujadidifu. Tusidanganyane: moto wa gesi ya kisukuku haujawa jadidifu na hautakuwa. Kinachohesabiwa ni joto lililochukuliwa kutoka hewani, ardhini au majini, joto ambalo jua linalirudisha lenyewe. Tuseme unachoma gesi yenye nishati ya kilowatisaa 100. Kiasi cha 10 kinapotea kwenye moshi na kuta. Zile 90 zinaingia kwenye jenereta na kuiwezesha mashine kuvuta 60 kutoka nje. Unapata 150. Boila nzuri ya gesi ingekupa 95 au karibu na hapo. Katika zile 150, ni 50 tu ninazozikubali kuwa jadidifu, kwa kuwa 10 kati ya zile 60 zimeziba pengo la hasara. Theluthi moja ya joto lako, basi.

Umoja wa Ulaya unahesabu vivyo hivyo. Sheria yake ya nishati jadidifu ya mwaka 2009 iliruhusu joto la mazingira linalovunwa na pampu lihesabiwe, na mwongozo wa mwaka 2013 ukaweka kizingiti: pampu ya umeme ifikishe wastani wa 2.5 kwa msimu, pampu inayoendeshwa kwa joto ifikishe 1.15. Ukiona vizingiti hivyo viwili vilivyo mbali hivyo, utajua walioviandika walikwishalijibu swali lako la tatu.

Jibu lenyewe ni kwamba 4 na 1.6 si namba za kitu kimoja. Kilowatisaa ya umeme imekwisha kugharimiwa mahali pengine. Ikiwa mtambo wa kuzalisha umeme unageuza asilimia 40 tu ya mafuta yake kuwa umeme, pampu yako yenye wastani wa 3.5 kwa msimu inatoa 140 kwa kila 100 za mafuta. Ile ya gesi inatoa 150. Ziko bega kwa bega. Mtambo ukiwa bora, wa asilimia 50 mpaka umeme ukufikie, ile ya umeme inafika 175 na inashinda. Na umeme ukitoka kwenye upepo, maji au jua, mjadala wa gesi unakwisha kabisa. Mtu anayejenga nyumba mpya mahali penye umeme safi wa uhakika, mimi simshauri pampu ya ufyonzaji ya gesi. Inafaa kama hatua ya katikati palipo na boila ya zamani na umeme usiotosha. Mahali pengine sioni sababu.

Hata paa lenye jua linataka uangalifu. Kwa miaka mingi tulisifu ubaridi wa jua: vikusanya joto juani, mashine ya ufyonzaji chini. Lakini piga hesabu ya leo. Kikusanya joto kinanasa pengine asilimia 55 ya jua, na mashine ya hatua moja, yaani yenye jenereta moja, inatoa ubaridi wa 0.7 kwa kila kizio cha joto. Unabaki na karibu 0.4. Paneli ya umeme yenye asilimia 20 ikiendesha kompresa yenye ufanisi wa 4 inakupa 0.8. Maradufu, kwa eneo lilelile la paa. Ninaupenda ufyonzaji, ila hesabu haina undugu.

Basi pahali pake hasa ni wapi? Pale penye joto linaloshuka bure.

Nieleze. Ndani ya boila moto unazidi nyuzi 1,000, na unaotaka ni maji ya nyuzi 60. Joto limeporomoka kutoka mlimani hadi bondeni bila kugeuza gurudumu hata moja. Mita haionyeshi hasara yoyote, kwa sababu kiasi cha joto ni kilekile. Kilichopotea ni ule mporomoko. Pampu ya ufyonzaji ni gurudumu lililowekwa kwenye mporomoko huo: joto la juu likishuka, linanyanyua joto jingine kutoka chini, na yote mawili yanakutana katikati, kwenye halijoto unayoihitaji. Ukiwa na jenereta kwenye nyuzi 90, evaporeta kwenye 5, na joto likitoka kwenye 35, sheria za asili zinaruhusu upate hadi 2.4 kwa kila 1 unayoweka. Mashine halisi zinatoa 1.7. Bado nafasi ipo, lakini hata hiyo 1.7 ni kubwa ukikumbuka kwamba ile 1 ya mwanzo ilikuwa inakwenda kwenye maji yaleyale kwa vyovyote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye mitambo ya kupasha miji joto inayochoma vipande vya mbao. Mbao mbichi zina maji mengi, na maji hayo yanapanda na moshi yakiwa mvuke, yakibeba joto lote la kuvukiza. Ili mvuke huo ugeuke maji na kuliachia joto, moshi lazima upozwe vizuri, lakini maji yanayorudi kutoka mjini yana nyuzi 40 au 50 na hayawezi kuupoza vya kutosha. Weka pampu ya ufyonzaji hapo. Boila inaiendesha, evaporeta inaupoza moshi hadi nyuzi 20 na kitu, na joto lote, la boila na la moshi, linaingia kwenye maji ya mji. Hakuna kilichotupwa, na chanzo chake chote ni mti. Hapo sina kinyongo na neno jadidifu.

Huko Thisted, Denmark, tangu mwaka 1984 wanavuta maji ya chumvi ya nyuzi 44 hivi kutoka zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Ni vuguvugu tu, hayatoshi kupasha mji. Pampu za ufyonzaji zinazoendeshwa kwa joto la kuchoma mabua na taka ndizo zinazoyakamua. Na Chena, Alaska, wana chemchemi ya nyuzi 74 inayoendesha mashine ya amonia, ambayo kazi yake ni kulizuia jumba la barafu lisiyeyuke wakati wa kiangazi. Maji ya moto yanatunza barafu.

Turudi kiwandani kwako. Kwa maji ya nyuzi 85 una njia nne, na ya kwanza haihitaji mashine yoyote ya aina hii. Tafuta kama kuna mahali panapohitaji joto la chini ya nyuzi 75: maji ya kuoshea, maji yanayoingia kwenye boila, kukausha. Kibadilisha joto cha sahani kitalipeleka huko kwa gharama ndogo kuliko chochote nitakachokuandikia hapa chini. Nimeona mashine kubwa za ufyonzaji zikinunuliwa na boila jirani ikaendelea kulishwa maji baridi. Inasikitisha.

Njia ya pili ni ubaridi. Mashine ya chumvi ya hatua moja itapokea maji yako na kukupa maji ya nyuzi 7 hivi, ikiupunguzia kazi mtambo wako wa kompresa. Lakini angalia mnara. Ili upate kilowati 100 za ubaridi utaweka kilowati 143 za joto, na mnara utatupa 243. Mtambo wa umeme wenye ufanisi wa 4 unatupa 125 tu. Habari njema ni kwamba zile 143 mnara wako tayari unazitupa leo. Mzigo mpya ni ule wa ubaridi peke yake. Ila halijoto ya kutupia itashuka kutoka 85 hadi 35 au chini ya hapo, na hapo mnara unaopumua vizuri leo unaweza kushindwa.

Njia ya tatu ni kupasha: maji ya 85 yaendeshe, chanzo cha vuguvugu kivunwe, upate maji mengi ya nyuzi 40 hivi. Inafaa tu kama unayahitaji, na viwanda vingi haviyahitaji.

Ya nne wengi hawaijui, na ningependa uisome mara mbili. Mzunguko huu unaweza kugeuzwa. Badala ya joto la juu kulinyanyua la chini, joto la kati linajigawa: karibu nusu yake linashuka hadi bondeni, na ule mshuko unaipandisha nusu nyingine juu kuliko ilikotoka. Presha zinageuka pia; sasa evaporeta na kifyonzaji ndivyo vyenye presha kubwa, jenereta na kondensa vina ndogo. Kwenye kifyonzaji chumvi inanyonya mvuke uliotengenezwa kwenye nyuzi 80 hivi, na joto linatoka likiwa karibu na nyuzi 120. Huo ni mvuke wa kiwandani, uliopatikana bila kuchoma kitu, kwa umeme wa pampu tu. Ufanisi wake unaandikwa 0.45 hadi 0.48, na mtu akiiona namba hiyo chini ya 1 anafunga kitabu. Asikifunge. Joto lililoingia lilikuwa la kutupwa. Nusu yake imerudi ikiwa mvuke ambao boila ingeuchomea mafuta. Kadiri maji yako ya kupozea yanavyokuwa baridi, ndivyo inavyopanda juu zaidi. Kama kiwanda chenu kinatumia mvuke wa presha ndogo, hii ndiyo ningeichunguza kwanza baada ya kile kibadilisha joto.

Kuna adha zake, na wewe ndiye utakayeitwa usiku, hivyo uzijue. Mashine ya chumvi inaishi kwenye ombwe. Presha ya kilopaskali 0.87 haifiki hata asilimia 1 ya presha ya hewa, na tundu la sindano linatosha kuingiza hewa, ambayo inaziba njia ya mvuke na, pamoja na chumvi, inakula chuma. Fundi aliyezoea kutafuta gesi inayovuja kwenda nje hapa anatafuta hewa inayovuja kuja ndani, na anahitaji vifaa vingine na subira nyingine. Pia chumvi ikikolea kupita kiasi, au ikipozwa ghafla, inaganda fuwele ndani ya kibadilisha joto. Nilikutana na hilo mapema katika kazi yangu. Umeme ulikatika, myeyusho mzito ukabaki umesimama ndani ya mashine bila kuzimuliwa, ukapoa, na asubuhi hakukuwa na kilichopita. Tulishinda siku nzima tukilipasha bomba moja polepole kwa mvuke. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa muuzaji ni kuhusu mfumo wa kuzimua chumvi umeme unapokatika. Amonia ina adha nyingine: ni sumu, inakaba pumzi, na haipatani na shaba, kwa hiyo mabomba yote ni ya chuma. Bahati ni kwamba pua inaigundua mapema sana.

Kwa upande wa anga, vipozaji hivi viwili havina lawama. Wala maji wala amonia haviharibu ozoni, wala havipashi dunia joto vikivuja. R-410A, kipozaji cha kompresa unachokijua, inapasha mara 2,088 ya kaboni dioksaidi kwa uzito uleule, na makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 yanaipunguza familia yake hatua kwa hatua. Kwa fundi wa umri wako, kujifunza maji, chumvi na amonia ni kujifunza kitu kitakachobaki.

Kabla hujamwendea mkubwa wako, pima kwa wiki mbili: lita ngapi za maji ya 85 zinapita kwa dakika, yanatoka mnarani na nyuzi ngapi, yanasimama saa ngapi kwa wiki, na boila inatoa mvuke wa presha gani kwa wakati uleule. Pima usiku pia, siyo mchana tu. Nitumie namba hizo, na tutaifanya hesabu ya kiwanda chenu pamoja.